Ukuta Uliochelewa: Picha za Moyo na Safari ya Waya wa Tatu

Ukisikia mtu amewekewa betri ya moyo, unawaza moyo uliokuwa ukipiga polepole mno. Ndiyo kazi ya asili ya betri, tangu Åke Senning alipompandikizia Arne Larsson ya kwanza huko Sweden mwaka 1958. Lakini iko betri nyingine, na mgonjwa wake huenda moyo unapiga 80 kwa dakika bila kuruka hata pigo moja. Shida yake si kasi. Shida ni kwamba kuta za ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu kwenda mwilini, hazikazi kwa pamoja: mmoja unasukuma huku wa pili bado umelala, na wa pili ukiamka wa kwanza umeshalegea. Sehemu ya nguvu inaishia kuyumbisha damu humo humo ndani, badala ya kuitoa iende mwilini.

Tiba yake inaitwa CRT, yaani kuzifanya kuta zipige pamoja tena. Kwa kawaida inahitaji nyaya tatu. Wa kwanza unakaa kwenye atria ya kulia, chumba cha juu kinachopokea damu, wa pili kwenye ventrikali ya kulia. Wa tatu unaingia sainasi ya koronari, ile vena kuu inayokusanya damu iliyokwisha kuulisha msuli wa moyo na kuimwaga atria ya kulia. Kutoka humo unasukumwa kinyume cha mkondo mpaka ulale juu ya uso wa nje wa ventrikali ya kushoto. Nyaya mbili za kwanza zina njia iliyozoeleka. Wa tatu ndio wenye kesi, na ndio ninaotaka kuuandikia.

Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu wanaowekewa CRT haoni nafuu ya maana. Sababu ziko kadhaa, ila mojawapo tunaweza kuishughulikia kabla mgonjwa hajalazwa mezani: waya umewekwa mahali ulipopita kwa urahisi, si mahali moyo ulipouhitaji. Chumba cha upasuaji si pa kuanzia kujiuliza uende wapi. Picha zipigwe mapema, zijibu maswali matatu: ukuta upi umechelewa, ukuta huo uko hai, na je, ipo vena inayoufikia? Jibu la maswali mawili bila la tatu halikufikishi popote.

Kabla ya picha, karatasi ya ECG

Picha nzuri haimwokoi mgonjwa aliyechaguliwa vibaya. Anayefaidika zaidi ni yule ambaye EF yake, asilimia ya damu inayosukumwa nje kwa kila pigo, ni 35 au chini, bado ana dalili baada ya angalau miezi 3 ya dawa kamili, mdundo wake ni wa kawaida, na ECG yake, karatasi inayochora umeme wa moyo, inaonyesha tawi la kushoto la umeme limeziba, LBBB, huku QRS, alama ya umeme unaposambaa kwenye ventrikali, ikiwa na upana wa milisekunde 150 au zaidi. Kati ya 130 na 149 faida bado ipo, ila inapungua. Chini ya 130, acha.

Nasema acha kwa sababu jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2008 utafiti wa PROSPECT uliwafuata wagonjwa 498 ukipima vigezo 12 vya eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, vya kuta kutopiga pamoja. Hakuna hata kimoja kilichoweza kutabiri kwa uhakika nani atapata nafuu. Kisha mwaka 2013 ukaja EchoCRT: wagonjwa 809 wenye QRS nyembamba, chini ya 130, ambao eko ilionyesha kuta zao haziendi sambamba. Wote waliwekewa kifaa. Nusu kikawashwa, nusu kikaachwa bila kuwashwa. Waliowashiwa walifariki asilimia 11.1, wasiowashiwa asilimia 6.4. Utafiti ukasimamishwa.

Kwa hiyo kazi zigawanywe vizuri. ECG ndiyo inayosema nani apewe. Picha zinasema waya uende wapi. Wanaozichanganya kazi hizi mbili ndio waliofanya eko ipewe jina baya katika tiba hii, na kwa maoni yangu haikustahili.

Umeme unapozunguka

Kwenye moyo wenye LBBB, umeme unashuka kwa tawi la kulia peke yake. Unauamsha ukuta wa kati unaotenganisha ventrikali mbili, kisha unalazimika kupenya msuli hatua kwa hatua, polepole, kwa kuwa barabara ya haraka imefungwa. Mara nyingi hauvuki moja kwa moja kwa mbele. Unakutana na mstari wa kizuizi, unazungukia ncha ya moyo kama herufi U, ndipo unapanda upande wa pili. Wa mwisho kupata habari ni ukuta wa pembeni na wa nyuma, hasa sehemu yake ya juu karibu na vali ya mitrali.

Kwenye eko unaweza kuyaona haya kwa macho, bila hesabu yoyote. Chukua picha ya vyumba vinne kutoka kwenye ncha, punguza kasi ya video, uutazame ukuta wa kati mwanzoni kabisa mwa QRS. Kabla vali ya aota, mlango wa damu kwenda mwilini, haijafunguka, ukuta huo unaruka ghafla kwenda ndani ya ventrikali ya kushoto na kurudi, mruko mfupi sana. Umekaza peke yake, na kwa kuwa upande wa pili haujaanza kazi hakuna shinikizo la kuuzuia. Muda mfupi baadaye ukuta wa pembeni unaamka, unakaza kwa nguvu, na ule wa kati ambao umeshachoka unasukumwa nyuma. Tazama na ncha ya moyo: kwanza inavutwa upande wa ukuta wa kati, halafu inayumba kwenda pembeni, mfano wa mtu anayetikisa kiuno. Ukiona mruko ule na myumbo huu kwa pamoja, moyo huo una kitu cha kurekebishwa. Usipoviona, huku ECG ikisema LBBB, rudia ECG uhakikishe ni LBBB ya kweli, si unene wa ukuta uliopanua QRS.

Kuutafuta ukuta uliochelewa

Macho yanakwambia tatizo lipo. Kujua ni kipande gani cha ukuta kimechelewa zaidi, njia iliyojaribiwa vizuri ni kufuatilia madoadoa ya eko. Msuli wa moyo kwenye eko una chembe za mwanga zisizobadilika sana kutoka picha hadi picha. Programu inazifuata na kuhesabu kila kipande kinanenepa kwa asilimia ngapi na kinafika kilele lini.

Picha inayotakiwa ni ya mkato wa kukingama, kwenye usawa wa misuli ya papilari, ile inayoishikilia vali ya mitrali. Ventrikali ionekane duara. Ikiwa yai, umekata kwa mshazari na majibu yatakudanganya. Weka kasi ya picha 50 hadi 80 kwa sekunde. Punguza upana na kina cha picha ukihitaji kuipata. Chini ya hapo kilele cha msuli kinaangukia katikati ya picha mbili na hukioni. Rekodi mapigo matatu mfululizo mgonjwa akiwa ameshusha pumzi. Kama ana mapigo ya ziada, ngoja yapite, wala usitumie pigo linalofuata pigo la ziada.

Ukishachora mpaka wa ndani, hakikisha programu imekamata mwanzo halisi wa QRS. Kosa hili ni la kila siku: kwenye QRS pana mashine nyingi zinashika R, kilele kinachopanda cha QRS, badala ya mwanzo, na nyakati zote zinahama. Halafu angalia mistari ya vipande sita ambavyo programu imeligawa duara. Kwa LBBB ya kawaida, kile cha mbele karibu na ukuta wa kati kinafika kilele mapema, na cha nyuma au cha pembeni kinachelewa. Tofauti ya milisekunde 130 au zaidi kati ya hivyo viwili ndiyo inayotumika kama alama ya kuchelewa kwa kweli.

Hapa ndipo penye mtego ninaotaka kila anayesoma mistari hii aujue. Kipande chenye kovu nacho kinaweza kuonekana kimechelewa. Hakikazi chenyewe, kinavutwa na jirani zake, na mstari wake unafika kilele mwishoni kabisa. Ukiangalia muda peke yake, utaipeleka waya kwenye nyama iliyokufa na utaamini umelenga vizuri. Dawa yake ni kuangalia urefu wa kilele pamoja na muda. Kipande kisichonenepa zaidi ya asilimia 10, kichukulie kama kovu mpaka kipimo kingine kiseme vinginevyo.

Huo ndio utaratibu waliofuata watafiti wa TARGET huko Uingereza, waliotoa matokeo mwaka 2012. Wagonjwa 220 waligawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja waya ulipelekwa kwenye kipande kilichochelewa zaidi na kinachonenepa kwa zaidi ya asilimia 10. Nusu nyingine waya uliwekwa kwa desturi ya kawaida. Baada ya miezi 6, asilimia 70 ya walioongozwa na picha ventrikali yao ilikuwa imepungua kwa kiwango kinachohesabika kuwa nafuu, dhidi ya asilimia 55. Mwaka uliofuata utafiti wa STARTER wa Marekani, wagonjwa 187, ikaonyesha vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo vinapungua kwa wale walioongozwa. Lakini ndani ya STARTER kuna namba ninayoithamini kuliko zote: hata baada ya kuelekezwa na picha, waya ulifika kwenye kipande kilicholengwa au jirani yake kwa asilimia 85 ya wagonjwa, dhidi ya 66 ya wasioelekezwa. Yaani watu 15 katika 100 walikuwa na lengo linalojulikana, ila waya haukufika.

Kovu

Eko inashuku kovu, MRI, picha ya mashine ya sumaku, inalionyesha. Mgonjwa anadungwa dawa ya gadolini, kwa kawaida milimoli 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito, kisha anasubiri. Baada ya dakika 10 hadi 15 dawa imeshatoka kwenye msuli mzima, ila kwenye kovu bado imenasa. Fundi anarekebisha muda wa mashine mpaka msuli mzima uwe mweusi tii, na kovu likabaki jeupe. Muda huo ukikosewa kidogo, msuli mzima unakuwa wa kijivu na kovu dogo linapotea humo. Kila baada ya dakika chache urekebishwe upya, kwa sababu dawa inazidi kuondoka.

Kinachotakiwa kwenye ripoti si neno "kovu lipo". Andika liko kipande gani kati ya 17 ambavyo ventrikali nzima ya kushoto hugawanywa kwenye ripoti, na limekula unene wa ukuta kwa kiasi gani. Kovu lililopita nusu ya unene kwenye ukuta wa nyuma na pembeni ndilo la kuogopwa. Mwaka 2006 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliwachunguza wagonjwa 40: waliokuwa na kovu la namna hiyo pale pale waya ulipoelekea walipata nafuu asilimia 14 tu, na wasiokuwa nalo asilimia 81. Kundi ni dogo, lakini tofauti ni kubwa na maana yake inaeleweka. Umeme ukianzia kwenye kovu unahitaji volti nyingi kuutoa, unatambaa polepole kutoka humo, na msuli unaoitwa uje kusukuma haupo.

Mambo mawili ya vitendo. MRI ifanyike kabla ya kuweka kifaa, kwa kuwa boksi la betri likishakuwa kifuani linaharibu picha ya ukuta wa mbele na wa pembeni, hata kama nyaya zenyewe zinaruhusiwa kuingia kwenye mashine. La pili, mgonjwa wa moyo kushindwa anaambiwa alale chali dakika 45 au zaidi na abane pumzi tena na tena. Akiwa bado amejaa maji, hawezi, na picha zote zitatikisika. Mpe dawa za kukojoza maji kwanza, siku kadhaa, mpaka alale na mto mmoja bila kuhema. Na wenye figo zilizochoka sana, uchujaji chini ya mililita 30 kwa dakika, aina ya gadolini ichaguliwe kwa uangalifu au kipimo kiachwe.

Vena: mwenye neno la mwisho

Unaweza kuwa na ramani safi ya ukuta uliochelewa na ulio hai, halafu usikute hata mshipa mmoja unaopita hapo. Moyo haukupanga vena zake kwa ajili yetu. Kutoka mlangoni mwa sainasi ya koronari kwenda ndani, unakuta kwanza vena ya kati inayopita chini ya moyo, kisha vena ya nyuma, vena ya nyuma-pembeni, ya pembeni, na mbele kabisa ile inayoshuka kati ya ventrikali mbili. Ya kwanza na ya mwisho karibu kila mtu anazo. Zile za katikati, ndizo tunazozitaka, zinatofautiana sana mtu na mtu. Aliyepata shambulio la moyo kwenye ukuta wa pembeni ana hatari zaidi ya kutokuwa nazo, maana mahali palipokufa msuli hata vena huwa zimenyauka.

CT, picha ya eksirei ya mikato, inaweza kuzionyesha mapema. Ujanja uko kwenye muda: picha ya kawaida ya ateri inapigwa dawa ya rangi ikiwa kwenye ateri, na hapo vena bado tupu. Inabidi usubiri sekunde kadhaa zaidi. Kwa moyo dhaifu damu inakwenda polepole, kwa hiyo muda uliokariri kutoka kwa wagonjwa wengine utakuangusha. Tazama dawa inavyofika kwa mgonjwa huyu huyu kabla ya kuanza. Huko Denmark, utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliunganisha vyote: CT kwa vena, eko kwa ukuta uliochelewa, na picha za nyuklia kwa kovu. Kati ya wagonjwa 182, wasiopata nafuu walikuwa asilimia 26 kwa walioelekezwa na asilimia 42 kwa wengine.

Sasa nije kwa hospitali ambayo haina MRI ya moyo wala CT ya kupanga mambo haya, kwa sababu hizo ndizo nyingi kwetu. Mgonjwa wa EF ya chini mara nyingi hupigwa picha ya ateri za moyo kutafuta kama zimeziba. Daktari anadunga ateri ya kushoto, anaona alichotaka, anaachia kanyagio la mashine ya picha. Asiachie. Aendelee kurekodi sekunde chache zaidi bila kusogeza meza, na dawa ile ile iliyopita kwenye ateri itajikusanya kwenye vena na kutoka kwa sainasi ya koronari. Umepata ramani ya vena bila gharama, bila mililita moja ya ziada, bila kudunga tena. Haitakuwa kali kama ile inayopigwa mezani vena ikiwa imezibwa kwa puto, lakini inakwambia mlango uko usawa gani, kona ziko wapi, na kama vena ya pembeni ipo. Nashangaa ni mara ngapi rekodi hii inakatwa.

Jambo jingine linalohusu Afrika. Utafiti wa THESUS-HF wa mwaka 2012 ulikusanya wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9, Kenya na Uganda zikiwemo. Chanzo kikuu cha moyo kushindwa kilikuwa shinikizo la damu, asilimia 45 hivi, na ateri zilizoziba chini ya asilimia 8. Makovu makubwa ya shambulio la moyo, ambayo ndiyo yaliyoitesa mipango ya Ulaya na Marekani, hayatarajiwi kwa wingi ule ule. Kwa mgonjwa wa namna hii, ECG safi, eko ya mkato wa kukingama iliyopigwa kwa utulivu na rekodi ya vena vinatosha kupanga kwa heshima. Aliyewahi kupata shambulio la moyo ndiye wa kutafutiwa MRI hata kama ni kwa rufaa.

Mezani

Mpango uandikwe kwa maneno yanayosomeka na aliyevaa glavu: lengo la kwanza, lengo la pili, mahali pa kukwepa. Kwa mfano: "nyuma-pembeni usawa wa kati, mbadala pembeni, kwepa nyuma-chini, kovu nusu unene." Ubandikwe karibu na skrini.

Waya wa ventrikali ya kulia utangulie. Si mazoea tu. Mgonjwa wa LBBB anaishi kwa tawi la kulia peke yake, na katheta ikiligonga wakati wa kutafuta sainasi, moyo unaweza kusimama kabisa. Waya ukiwa tayari ndani, unapiga kutoka hapo na kazi inaendelea.

Kuingia sainasi kunafanywa kwa ala ya mwongozo, mara nyingi ya ukubwa wa 9 Fr, yaani milimita 3 hivi, ikitanguliwa na katheta, mrija laini inayojikunja. Mlango uko nyuma na chini ya atria ya kulia, juu kidogo ya vali ya trikaspidi, na wakati mwingine una utando unaoukinga. Kwa moyo uliotanuka, mlango unakuwa umeshuka na kugeuka. Anayetafuta mahali vitabu vinaposema atahangaika dakika 40. Rekodi ya vena inaokoa muda hapa kuliko mahali pengine popote.

Ukiwa ndani, puto linajazwa hewa taratibu, mililita 1 hadi 1.5, mpaka lizibe tu. Kabla ya kulijaza, dunga tone la dawa kuhakikisha ncha haijaegemea ukuta. Ukipuuza hilo, dawa inapenya kati ya tabaka za vena, unaona doa jeusi lisiloondoka, na hiyo ni vena iliyochanika. Mara nyingi hupona yenyewe kwa kuwa shinikizo ni dogo, ila unaweza kuwa umejifungia njia kwa siku hiyo. Puto likishaziba, dunga takriban mililita 10 na uendelee kurekodi mpaka dawa ipite kwenye njia za pembeni na kurudi kujaza hata matawi yaliyo nyuma ya puto. Kosa la kawaida ni puto kukaa ndani mno: matawi ya nyuma, yaliyo karibu na mlango, yamefunikwa na ala yenyewe, na daktari anaandika "hakuna vena ya nyuma". Rudisha puto, rudia.

Piga picha kutoka pande mbili kila mara. Mwelekeo wa kulia, nyuzi 20 hadi 30, unakuonyesha waya uko juu karibu na vali, katikati, au nchani. Mwelekeo wa kushoto, nyuzi 30 hadi 40, unaigeuza ventrikali kuwa uso wa saa: mbele iko kwenye namba 12, pembeni kwenye 3, nyuma-pembeni kati ya 4 na 5. Namba zilizochorwa, si saa tunazosoma kwa Kiswahili. Mwelekeo wa kulia peke yake hauwezi kutofautisha vena ya pembeni na ya mbele.

Nchani mwa moyo usiende. Katika utafiti wa MADIT-CRT, nyaya za wagonjwa 799 zilipochambuliwa mwaka 2011, waliowekewa nchani walikuwa na hatari ya kuzidiwa au kufa karibu mara 1.7 ya wengine. Waya wa kulia mara nyingi uko jirani na ncha, kwa hiyo unakuwa umeziweka nyaya mbili mtaa mmoja na ukuta wa juu umeachwa uchelewe kama zamani. Ila waya mwembamba husimama imara unapojikita mbali ndani ya vena, na ndani ni nchani. Nyaya za ncha nne za umeme zimetatua sehemu kubwa ya mgongano huu: unaujikita mbali, halafu unapiga kutoka ncha ya umeme ya juu, iliyo usawa wa kati au karibu na vali.

Waya ukishatulia, pima. Kizingiti, yaani volti ndogo kabisa inayouamsha msuli, kiwe kidogo kadiri inavyowezekana. Kikiwa juu sana mahali ambapo picha zilisema ni salama, shuku kovu au mgusano hafifu, usogee kidogo. Pima pia muda kutoka mwanzo wa QRS kwenye ECG hadi umeme unapofika kwenye waya wenyewe. Ukizidi milisekunde 95, au ukapita nusu ya upana wa QRS, umethibitishwa na umeme kuwa ukuta huo kweli umechelewa. Napenda kipimo hiki kiende pamoja na picha, kwa kuwa kinachukua dakika moja na kinaikosoa eko pale ilipokosea. Umeme ukikataa na picha ikikubali, mimi naufuata umeme, mradi mahali hapo pasiwe na kovu.

Mwisho, panda hadi volti 10 ukiwa umeweka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa, chini ya mbavu za kushoto. Neva ya freniki, inayoamuru msuli wa kupumulia chini ya mapafu, inapita juu ya ukuta wa pembeni, mara nyingi palepale tunapopataka. Ukisikia mdundo mkononi, mgonjwa huyu atapata kwikwi kila pigo la moyo akifika nyumbani na kulalia upande. Mwambie avute pumzi ndefu, upime tena. Badilisha ncha ya umeme kwanza. Usiuvute waya kabla hujazijaribu zote nne.

Vena zikikataa kabisa, usiuache waya mbele ilimradi upo. Kuna njia ya upasuaji mdogo ubavuni, na kuna kuupiga umeme kwenye eneo la tawi la kushoto kwa kutoboa ukuta wa kati kutoka ndani ya ventrikali ya kulia, njia iliyoelezwa na madaktari wa China mwaka 2017. Hapo pia picha inahitajika: unene wa ukuta wa kati upimwe kwa eko kabla, na kovu kwenye ukuta huo lijulikane, maana waya hautajipenyeza humo.

Kabla hajaruhusiwa apigwe eksirei mbili, ya mbele na ya ubavu, na ECG ya nyaya 12. Kwenye V1, mmoja wa nyaya za kifuani za ECG, tafuta R inayopanda. Kwenye lidi ya kwanza, ile ya mikononi, tafuta Q, mshuko wa mwanzo, au mstari unaoshuka. Vikikosekana, huenda ventrikali ya kushoto haiamshwi hata kidogo, na picha zote zile zimekwenda bure. Kifaa kionyeshe kinapiga pande zote mbili zaidi ya asilimia 98 ya mapigo. Atria zinazotetemeka ovyo na mapigo mengi ya ziada ndiyo yanayoshusha namba hiyo. Baada ya miezi 6 eko irudiwe, mashine ile ile na mkato ule ule, ujazo wa ventrikali mwishoni mwa kukaza ulinganishwe na wa mwanzo. Ukipungua kwa asilimia 15 au zaidi, waya uko mahali pake.